Kabla hujapiga sahihi kwamba vifaa vya ndege ni vizima

Zamu ya alfajiri kwenye uwanja wa ndege pale Embakasi, Nairobi, huanza kukiwa giza, na mtu mwenye usingizi hukagua kwa kalamu: tiki, tiki, tiki, chai. Usifanye hivyo. Shika tochi kwanza, karatasi ije baadaye, na uzunguke kifaa chote, yaani gari au mtambo wa kuhudumia ndege ikiwa chini, kwa miguu kabla hujapanda.

Tairi zikionyesha waya, gari halitoki. Taa, honi, vioo, mkanda wa kiti, dakika moja. Kizima moto, mshale uwe kwenye kijani. Tazama sakafu palipolala gari: mafuta yaliyodondoka usiku yatakuambia mengi kuliko dereva wa zamu iliyopita.

Kitufe chekundu cha kuzimia injini usikitazame, kibonyeze. Vingi vimekaa miaka bila kuguswa, na vumbi la Embakasi unalijua.

Breki zijaribiwe mbali na ndege. Simama kabisa mita kadhaa kabla ya kuifikia, ndipo usogee kwa mwendo wa mtu anayetembea. Pedali ikizama, geuka urudi. Usiipige-pige mpaka ikubali, hiyo ni tabia ya matatu.

Kwenye ngazi na mkanda wa kupakia mizigo, papasa raba ya mbele kwa mkono. Ikiwa imepasuka na chuma kimechungulia, chuma hicho ndicho kitakachobusu ndege. Zile ndege za Boeing 787 ambazo Kenya Airways ilianza kupokea mwaka 2014 mwili wake si wa alumini, ni wa nyuzi za kaboni, na ukiugonga unaweza kuumia kwa ndani huku nje pakionekana sawa. Kwa hiyo ukigusa, hata kidogo, sema.

Jenereta inayoipa ndege umeme ikiwa imeegeshwa hutoa volti 115, mizunguko 400 kwa sekunde. Kebo iliyochubuka au plagi yenye weusi wa kuungua haifungwi seloteipu.

Sasa taubaa, yaani ule mtaimbo unaounganisha trekta na gurudumu la mbele la ndege. Hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipochomeka.

Kichwani mwa taubaa kuna pini ndogo zilizotengenezwa makusudi ziwe dhaifu. Nyingi zimechongwa shingo katikati. Trekta likikata kona kupita kiasi, au likivuta ndege iliyofungwa breki, pini inakatika. Inakufa yenyewe ili mguu wa ndege upone.

Ilikuwa Aprili, mvua inanyesha, nami nikainama labda sekunde nne. Niliona kichwa cha bolti kinang'aa. Nikafurahi kabisa, nikajua wamebadilisha pini. Karatasi iliuliza tu kama taubaa ipo. Ilikuwepo. Nikapiga sahihi.

Dereva akasukuma ndege ndogo ya abiria, akakwepa kokoteni la mizigo lililoachwa vibaya, akakata kona kali mno. Siku nyingine tungesikia "pa!", tukalaani, tukabadilisha pini, ndege ikaondoka imechelewa kidogo. Siku hiyo hatukusikia chochote. Aliyekuwa akitembea kando ya pua ndiye aliyeinua mikono yote miwili: mafuta ya hidroliki yalikuwa yakichuruzika kwenye mguu wa mbele. Abiria wakashushwa kwenye mvua. Mimi nikapewa wiki mbili za kukaa nyumbani.

Nilimtafuta fundi aliyeibadilisha ile pini. Hakujificha, tena alikuwa na fahari. "Mkubwa, ile ya zamani ilikuwa inakatika-katika. Nikakutafutia ngumu Kirinyaga Road. Hii haikatiki."

Ningemjibu nini? Hakuna aliyewahi kumweleza kazi ya ile pini, na mimi niliyekuwa naijua sikuinama vya kutosha.

Kwa hiyo chomoa pini uitazame. Tafuta shingo. Soma namba yake uilinganishe na ile ya taubaa yenyewe, kisha hakikisha taubaa ni ya aina ya ndege unayoisukuma, si ya jirani yake. Pini za akiba zikae kisandukuni. Na zikikatika kila wiki, muulize dereva anavyokata kona, usimtume mtu dukani.

Makokoteni nayo: mengi hujifunga breki mkono wake wa kuvutia ukiinuliwa. Inua, kisha lisukume kwa bega. Likienda, litoe kazini. Kifaa kibovu kifungwe kadi nyekundu na ufunguo uondoke nao, usiutie mfukoni mwa rafiki, maana saa kumi na mbili, ndege tatu zikitua pamoja, kadi hiyo itang'olewa na mtu mwenye haraka. Andika ubovu kwa maneno, si "iko shida kidogo". Okota bolti, mawe na vipande vya plastiki unavyokanyaga. Koti la kuakisi mwanga lioshwe, likichakaa halikuonyeshi usiku. Kukinyesha, ongeza nafasi ya kusimama. Na tochi hiyo, badilisha betri leo.