Meko ya gesi ya barazani: mtafute buibui kabla ya kumgombeza muuza gesi

Nyumba ya wageni ninayoitunza iko Lushoto, na ikifika Juni mgeni hakai barazani jioni bila moto. Zamani tulikoka kuni. Sasa kuna meko ya matofali, ndani yake pete ya chuma yenye vitundu, juu yake mawe ya volkano, na mtungi wa kilo 15 umesimama nje nyuma ya ukuta.

Mwaka juzi, masika yalipoisha, niliwasha moto ukatoka mvivu. Upande mmoja ulipanda mrefu na wa manjano, upande wa pili haukuwaka kabisa. Siku ya tatu ukuta ulikuwa mweusi tii. Nikaenda kumfokea kijana anayetuuzia gesi kwamba kaichakachua. Hakujibu. Alikuja na bisibisi, akafungua bomba pale linapovutia hewa, akatoa kitu kama pamba chafu: nyumba ya buibui, mayai humohumo. Gesi ikikosa hewa ya kutosha haiungui vizuri, na kisichoungua ndiyo masizi. Nilimwomba radhi, nikampikia chai.

Tangu hapo kila mwisho wa masika nafanya hivi. Nafunga mtungi kwanza, natoa regulata, nasubiri meko yapoe kabisa. Natoa mawe moja moja na kuyapanga kwenye gunia kama yalivyokaa. Yaliyomeguka natupa, maana vumbi lake ndilo linaloziba vitundu. Pete naisugua kwa brashi ya waya laini, kisha naigeuza na kuigongagonga ili uchafu udondoke. Kitundu kilichoziba nakizibua kwa waya mwembamba. Usitumie msumari: ukikipanua, moto utakuwa mkubwa hapo na mdogo kwingine, na hakuna wa kukirudisha. Halafu tochi kwenye tundu la hewa. Nikiona utando, naingiza brashi ya kuoshea chupa za mtoto. Nyigu wa udongo nao wanapapenda.

Ukuta wenye masizi anza kuusugua ukiwa mkavu. Ukitanguliza maji, weusi unaingia ndani ya tofali na hautoki tena. Baada ya hapo ndiyo maji ya vuguvugu na sabuni.

Mpira wa gesi naukunja polepole kwa vidole, urefu wote, nikitafuta nyufa na meno ya panya. Ukiwa na shaka nao, nunua mwingine. Usifunge kwa utepe. Nikisharudisha regulata nafungua mtungi bila kuwasha, napaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Povu likivimba mapovu mapya, panavuja: funga, kaza, paka tena. Likiendelea, mtungi unabaki umefungwa mpaka fundi afike. Na matundu yaliyoachwa chini ya meko usiyazibe hata kama yanaingiza majani. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatuama chini kama maji, na matundu hayo ndiyo njia yake ya kutokea.

Kwenye kurudisha mawe ndipo ninapogombana na mlinzi wetu. Yeye anapenda kuyarundika yawe kama kilima, na mara moja alijazia mawe ya mtoni, mazuri, meupe. Jiwe la mtoni lina unyevu ndani. Likipata moto linaweza kupasuka na kurusha vipande. Weka ya volkano tu, tabaka jepesi, moto uone pa kupita, na kama yamelowa yaanike juani kwanza.

Mimi nawasha mchana, wageni hawapo. Usipowaka mara ya kwanza nafunga na kungoja dakika 5 kabla ya kujaribu tena. Ukiwaka nakaa nao robo saa nikiangalia ukuta. Masizi yakianza upya, mawe yanatoka tena, na mlinzi ndiye anayeyabeba.