Viporo vya Masomo: Namna ya Kujinasua Hatua kwa Hatua Ukiwa na Mtu wa Kukufuatilia

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, mwanafunzi aliyeachwa nyuma na masomo huwa hafiki mlangoni kwangu na tatizo moja, bali na rundo: mihadhara aliyoikosa, kazi za kozi ambazo hakuziwasilisha, jaribio alilofeli na kikundi ambacho hajibu tena ujumbe wake. Nikimwuliza ana viporo vingapi, hujibu kwamba ni vingi. Nikimwuliza ni vingapi hasa, hunyamaza, kwa sababu hajawahi kuvihesabu. Mwongozo huu unaanzia kwenye ukimya huo.

Njia nitakayoieleza ni ya kujisaidia kwa kuongozwa. Kazi yote unaifanya wewe mwenyewe, lakini yupo mtu mmoja anayekutana nawe mara moja kwa wiki kwa dakika 20 hadi 30 ili aone ulichoandika na akuulize maswali. Msingi wake ni tiba ya fikra na tabia, ambayo daktari wa akili wa Marekani, Aaron Beck, alianza kuijenga katika miaka ya 1960, na ambayo hutazama jinsi wazo, hisia na tendo vinavyochocheana. Unawaza kwamba umeshachelewa mno, moyo unakwenda mbio, unafunga kompyuta, na mara tu unapoifunga unapata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo mtego wenyewe, kwa kuwa inakufundisha kwamba kukwepa kunalipa, huku kiporo kikizidi kukua. Ndiyo maana silipendi neno "uvivu" katika jambo hili. Mvivu hulala usingizi mnono. Wanafunzi ninaowaona mimi hawalali.

Kabla ya kuanza

Mwongozo huu unamfaa mtu aliyelemewa lakini ambaye bado anaamka, anakula na anazungumza na wenzake. Ikiwa kwa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, umekuwa na huzuni isiyokuacha au hakuna kinachokufurahisha tena, na usingizi na hamu ya kula vimevurugika, anza kwa daktari au mtaalamu wa afya ya akili, na viporo vitafuata baadaye. Ikiwa mawazo ya kujidhuru au ya kutotaka kuishi yamekujia, usingoje hata kesho: mweleze leo mtu aliye karibu nawe, kisha mwende pamoja kwenye huduma ya dharura. Hakuna mtihani unaotangulia jambo hilo.

Hatua ya 1: Mpate mtu wa kukufuatilia

Anaweza kuwa mshauri nasaha wa chuo, mwanafunzi wa mwaka wa juu, au rafiki mwenye subira. Kwa kawaida simshauri mwanafunzi amchague mzazi au mlezi anayemlipia ada, si kwa sababu hampendi mwanawe, bali kwa sababu kila kiporo atakachokiona atakipima kwa fedha alizotoa, na wewe utaanza kumficha. Kubalianeni siku na saa isiyobadilika. Mpe maswali matatu tu ya kukuuliza kila wiki: ulipanga nini, kilitokea nini, na kitu gani kilikuzuia. Kazi yake si kukufundisha somo wala kukuhubiria. Akianza kukuhubiria, mkumbushe kwa upole yale maswali matatu.

Hatua ya 2: Hesabu viporo vyote

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na ni afadhali uifanye mtu huyo akiwa ameketi kando yako. Tenga dakika 40. Fungua barua pepe ya chuo, fungua ukurasa wa kila kozi, toa madaftari, kisha chora jedwali lenye safu tano: jina la kiporo, siku ya mwisho, uzito wake katika alama za kozi, muda unaodhani kitachukua, na muda kitakaochukua kweli. Safu ya mwisho iache wazi kwa sasa. Wakati huu usisome chochote wala usitatue chochote. Unahesabu tu, kama mwenye duka anayehesabu mali bila kuuza.

Namkumbuka mwanafunzi mmoja aliyeifungua barua pepe yake mbele yangu akiwa amegeuza uso pembeni, kidole kikisita juu ya kitufe kama mtu anayetaka kushika sufuria iliyotoka motoni. Katika barua zote alizozikwepa kwa wiki 5, zilizomhusu yeye binafsi zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya mhadhiri aliyeuliza kama anaumwa. Mzigo aliouona kuwa hauna mwisho uliingia katika ukurasa mmoja na nusu wa daftari, na ingawa ulikuwa mzito kweli, sasa ulikuwa na mwanzo na mwisho.

Kuhusu safu ya nne, jihadhari. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kuhusu tabia ya binadamu ya kukadiria muda wa kazi kana kwamba hakuna kitakachokwama, hata pale ambapo kazi kama hiyo ilimchelewesha mara nyingi huko nyuma. Kwa hiyo, ukiandika kwamba ripoti ya maabara itachukua saa 2, panga saa 3. Baada ya wiki chache safu ya tano itakuonyesha kosa lako mwenyewe ni la kiasi gani, na hapo hutahitaji tena kanuni yangu.

Hatua ya 3: Amua kipi kinalipwa na kipi kinasamehewa

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni la mwanafunzi aliyeachwa nyuma kwa wiki 6 kurudi kwenye mhadhara wa wiki ya kwanza na kuanza kusoma kwa mpangilio, neno kwa neno. Anapofika wiki ya tatu, darasa limeshasogea wiki nyingine mbili, na amebaki nyuma vilevile, ila sasa amechoka. Fanya kinyume chake. Kuanzia kesho hudhuria mihadhara ya sasa hata kama unaelewa nusu yake tu, ili rundo lisiendelee kuongezeka, halafu yaliyopita uyalipe kidogo kidogo katika saa ulizoyatengea.

Kisha ligawe jedwali. Vipo viporo vyenye alama nyingi na ambavyo muda wake haujapita, hivyo vinatangulia. Vipo ambavyo muda umepita lakini huenda vikapokelewa kwa kukatwa alama, na hivyo utaviulizia katika hatua inayofuata. Vinavyobaki, kama vile zoezi lenye asilimia 2 au kitabu cha ziada ambacho hakiulizwi kwenye mtihani, vikate kwa mstari leo, kwa kalamu, mbele ya mtu wako. Wanafunzi wenye bidii hupata shida sana hapa, maana wanaona kana kwamba wanakubali kushindwa. Mimi nauona mstari huo kuwa sehemu ya kazi, kwani kiporo ambacho hutakifanya kamwe lakini hujakiacha rasmi kinaendelea kukunyima usingizi bila kukuletea alama hata moja.

Kozi ambazo mada hujengana, kama hisabati, takwimu au lugha mpya, zina utaratibu wake. Huwezi kuruka sura ya 2 ukaelewa ya 5. Hata hivyo, huhitaji kurudia yote. Chukua swali moja la juma hili, jaribu kulijibu, na mahali unapokwama ndipo panapokuonyesha sura ya kurudia.

Hatua ya 4: Mwandikie mhadhiri

Wengi hungoja wamalize kwanza ndipo waandike, wakidhani aibu itakuwa ndogo. Kwa mhadhiri mambo huonekana tofauti: mwanafunzi aliyetoweka bila neno ni jina tupu kwenye orodha, ilhali aliyeandika ni mtu anayeweza kusaidiwa. Barua iwe fupi, isiyo na hadithi ndefu za matatizo ya familia, na iwe na ombi moja ambalo anaweza kulijibu kwa sentensi moja. Kwa mfano:

"Mheshimiwa Mhadhiri, mimi ni mwanafunzi wako wa kozi ya takwimu, kundi la pili. Sikuwasilisha zoezi la 3 na la 4 kwa sababu nililemewa na masomo katika wiki zilizopita, na sasa ninafuatiliwa na mshauri. Zoezi la 4 ninaweza kuliwasilisha Ijumaa ijayo. Naomba kujua kama litapokelewa, hata kwa kukatwa alama. Natanguliza shukrani."

Angalia kwamba hakuna ahadi kubwa hapo. Anaomba zoezi moja analoweza kulimaliza, na la 3 halijaombewa kwa sababu limeshakatwa kwa mstari. Iandike barua hii wakati wa kikao na uitume kabla hamjainuka. Barua iliyobaki kwenye rasimu ni kiporo kipya.

Hatua ya 5: Panga siku kwa vipande vidogo

Usiandike "kesho nitasoma uchumi." Mtaalamu wa saikolojia Peter Gollwitzer alionyesha katika maandishi yake ya mwaka 1999 kwamba nia hutimizwa kwa urahisi zaidi inapofungwa kwenye wakati na mahali maalumu. Basi andika hivi: "Mhadhara wa saa nne ukiisha, nitakwenda moja kwa moja maktaba, ghorofa ya pili, nifungue swali la 1 la zoezi la 4." Kitendo cha kwanza kiwe kidogo kiasi cha kukosa sababu ya kukiogopa: kufungua faili, kuandika kichwa cha habari, kunakili swali. Soma kwa dakika 25, inuka kwa dakika 5, kisha rudi. Utaratibu huu ulianzishwa na Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 alipokuwa mwanafunzi, akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Simu iwe katika chumba kingine, au ndani ya mkoba uliofungwa. Kuilaza kifudifudi mezani hakutoshi.

Unaposoma ili kulipa yaliyopita, acha kupaka rangi mistari ya kitabu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba wanafunzi waliosoma kifungu kisha wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokisoma tena na tena, ingawa waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi. Soma kurasa 4, funga kitabu, andika unachokumbuka, kisha fungua uone ulichokiacha. Inachosha, na mara ya kwanza karatasi itakuwa karibu tupu. Usiichukue hali hiyo kuwa ushahidi kwamba huna akili.

Hatua ya 6: Lipe hofu zamu yake

Mawazo ya "itakuwaje nikifeli" huja unapoketi kusoma au unapolala. Tenga dakika 15 jioni, mbali na kitanda, uyaandike yote. Yakija nje ya muda huo, andika neno moja pembeni mwa daftari ukijua kwamba zamu yake ipo. Moyo ukienda mbio kabla ya kufungua faili, vuta pumzi taratibu kwa sekunde 4 na uitoe kwa sekunde 6, kwa dakika 3. Kuhusu usingizi sitasema mengi: mtu mzima anahitaji angalau saa 7, na kafeini ya kikombe cha jioni bado imo mwilini saa nyingi baadaye, hata kama wewe umezoea.

Hatua ya 7: Jiandae kwa wiki ya kuanguka

Mara nyingi huwa ya pili au ya tatu. Wiki ya kwanza ina msisimko. Baadaye unakosa siku moja, unaona aibu, unakosa nyingine, na unatamani kuahirisha kikao. Kikao hicho ndicho usichokikosa, hata ukienda mikono mitupu. Michael Wohl, Timothy Pychyl na Shannon Bennett, katika utafiti wao wa mwaka 2010 kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, waliona kwamba waliojisamehe kwa kuahirisha maandalizi ya mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha walipojiandaa kwa uliofuata. Kujisamehe huko hakuna maana ya kujitetea. Unasema ulichokifanya bila kukipamba: "Jumanne sikufungua faili, nilitazama video hadi usiku wa manane." Kisha mtu wako anauliza kitu gani kilikuzuia, na mnapunguza kipande cha kesho.

Hatua ya 8: Kikao cha wiki ya nne

Lichukueni jedwali la mwanzo na la sasa, myaweke sambamba. Ikiwa viporo vilivyobaki vinapungua kila wiki, vikao vinaweza kuwa vya kila baada ya wiki mbili. Ikiwa havipungui licha ya kuwa unazitimiza saa zako, jumlisha safu ya nne ya vilivyobaki, irekebishe kwa kosa lako la kawaida, kisha ilinganishe na saa ulizonazo kabla ya mitihani. Jumla ikizidi saa hizo kwa mbali, suala si bidii tena, na inafaa kuzungumzia kupunguza kozi au kuahirisha muhula. Nendeni na jedwali hilo ofisi ya taaluma mkaulize mambo matatu: siku ya mwisho ya kuomba, kama alama ulizokwisha kupata zitahifadhiwa, na kama ufadhili au mkopo wako utaathirika. Majibu yake yaandikwe palepale, chini ya jedwali.