Namna ya Kumwandaa Mchezaji Kijana kwa Dabi Yake ya Kwanza ya Kariakoo

Kijana wa miaka 18 au 19 anayepandishwa kutoka timu ya vijana ya Simba au ya Yanga hukuta kwamba kazi anayoijua kuliko zote, yaani kucheza mpira, imebadilika ghafla kwa sababu ya wingi wa macho yanayoitazama. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 pale Temeke, unachukua watu 60,000, na siku ya dabi, yaani Simba na Yanga zinapokutana, majukwaa ya mzunguko huanza kujaa saa nyingi kabla ya filimbi. Mwongozo huu ni kwa makocha wa vijana, mameneja wa timu na wazazi ambao mtoto wao ametajwa kwenye kikosi. Nauandika nikiwa na msimamo mmoja, nilioupata kwa kukaa na vijana wa umri huo: kelele za jukwaani huzoeleka, tena mara nyingi ndani ya robo saa ya kwanza, kinachomwelemea kijana ni sauti za watu thelathini au arobaini wanaomjua kwa jina. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maandalizi hufanyika mbali na uwanja.

Anza na tiketi na simu

Niliwahi kumkuta beki mmoja wa kulia, ambaye sitamtaja, amekaa ukingoni mwa kitanda kambini saa nne usiku wa kuamkia mechi, akiandika majina nyuma ya bahasha. Mkononi alikuwa na tiketi nne, na kwenye bahasha majina yalikuwa yamefika ishirini na matatu: wajomba, binamu, mwalimu aliyemfundisha darasa la sita, hadi mwenye nyumba anayopanga mama yake. Nilipomwambia alale, alinijibu, "Kocha, huyu wa nyumba nikimruka, mama atasemwa mtaa mzima." Kesho yake alionekana mzito tangu wakati wa kupasha misuli, na jukwaani wakasema ameogopa umati. Hakuwa ameogopa umati, alikuwa hajalala.

Siku kumi kabla ya mechi, kaa na familia na mchague mtu mzima mmoja, mjomba au kaka mkubwa mwenye kauli nyumbani, ambaye maombi yote ya tiketi, ya fedha na ya kupiga picha yatapitia kwake. Kijana afundishwe jibu moja la heshima analoweza kulirudia bila aibu: "Shikamoo mzee, mambo hayo yuko nayo mjomba." Idadi ya tiketi itajwe mapema na isibadilike. Mzazi naye aelezwe wazi kwamba juma hilo si la kumpelekea mtoto habari za ada ya mdogo wake au paa linalovuja, hata kama ni kweli paa linavuja. Wakala, kama yupo, asifike kambini na asizungumzie mkataba mpya hadi mechi ipite.

Kuhusu simu, sikubaliani na makocha wanaoikusanya kwa mabavu, kwa sababu kijana aliyenyang'anywa simu huazima ya mwenzake na huingia mtandaoni kwa siri, akiwa na hasira juu. Ni afadhali mkubaliane saa: simu iwekwe kwa meneja kuanzia jioni ya siku mbili kabla ya mchezo, na kila usiku apewe dakika chache za kuongea na mama yake au na yeyote anayemtuliza. Kurasa zake za mitandao ya kijamii zishikwe na ndugu anayemwamini, ambaye atabadilisha nywila na hatamsimulia anayoyasoma, mabaya wala mazuri. Hayo mazuri ndiyo wengi huyasahau. Kijana anayelala akisoma kwamba yeye ndiye atakayemaliza ubishi wa Kariakoo huamka na mzigo uleule wa aliyetukanwa.

Jambo la mwisho la kumweleza mapema ni gumu, nalo linahitaji mtu mzima mwenye staha. Katika mpira wetu, mchezaji anayekosea kwenye dabi hasemwi tu kwamba amekosea. Husemwa kwamba amehongwa, ameuza mechi. Klabu hizi ni za tangu miaka ya 1930, Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, na utani wao umerithishwa kwa watoto kama jina la ukoo, kwa hiyo tuhuma hiyo hutolewa kwa wepesi wa ajabu. Mwambie kijana kwamba huenda akaisikia, kwamba wakubwa wengi waliomtangulia waliisikia wakaendelea kucheza, na kwamba benchi la ufundi halitamhukumu kwa maneno ya kijiweni. Akiisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwako, ndani ya chumba tulivu, haitamchoma sana akija kuisikia jukwaani.

Mzoeshe kelele, lakini kwa ngazi

Mshambuliaji Mbwana Samatta alipofika Msimbazi, yaani Simba, alikuwa tayari amecheza African Lyon, ambako mtu anaweza kupoteza mpira bila nchi nzima kujua; mwaka 2011, akiwa na miaka 18, TP Mazembe ya Kongo wakamchukua, na baadaye akafika Genk ya Ubelgiji na Aston Villa ya Uingereza. Clement Mzize alipandishwa kutoka timu ya vijana ya Yanga mwaka 2022, wakati mzigo wa kufunga ulikuwa umebebwa na Fiston Mayele, na akajifunza kazi kwa kuingia akitokea benchi. Njia zao ni tofauti, ila zote zina ngazi. Kocha asimtoe kijana timu ya vijana akamtupa moja kwa moja katika kikosi cha kwanza cha dabi, isipokuwa kama majeraha yamemfunga mikono. Ampe kwanza dakika ishirini katika uwanja mdogo kama Azam Complex pale Chamazi, kisha mechi nzima ugenini, Sokoine kule Mbeya kwa mfano, ambako shabiki wa timu mwenyeji yuko karibu na mstari na neno lake lina anwani.

Katika mazoezi, tafuta spika kubwa mbili za kukodi, zile za harusini, uziweke kando ya mstari na upige sauti ya umati kwa nguvu wakati timu inacheza nusu uwanja. Lengo ni wachezaji wagundue wenyewe kwamba mtu aliye hatua kumi hasikiki, na kwamba "nyuma yako!" waliyoizoea tangu utotoni haitawafikia. Hapo ndipo mnapatana ishara za mikono, zisizidi nne: nipe mguuni, nipe mbele, panda, rudi. Mfundishe pia kugeuza shingo na kutazama kabla mpira haujamfikia, kwa sababu macho ndiyo yatakayofanya kazi ya masikio. Dakika kumi na tano zinatosha kwa siku, maana zikizidi watu huchoka na wapangaji wa jirani huanza kulalamika.

Mazoezi ya mkesha wa mechi katika uwanja utakaotumika yasipuuzwe. Uzito wake ulionekana mwaka 2025, Simba walipotangaza kutocheza dabi ya Machi 8 wakidai kuzuiwa kufanya mazoezi hayo, na mchezo ukaja kupigwa Juni 25. Kwa kijana, saa ile moja ina kazi zaidi ya kupasha mwili. Mpandishe hadi viti vya mzunguko, akae dakika tano, autazame uwanja kutoka kule juu ili ajue mtu anayemzomea anaona nini: vijitu vidogo ishirini na viwili, namba za mgongoni zisomeke kwa taabu. Kisha mshushe, atembee kutoka kibendera cha kona hadi kingine, arushe mipira mitatu ya pembeni, na aone kwamba kati ya mstari na jukwaa kuna njia ya kukimbilia inayozunguka uwanja wote. Pale Mkapa kelele hukujia kutoka juu na kurudishwa na paa. Haikupumulii shingoni kama katika viwanja vidogo. Wachezaji wengi hushangaa kusikia hivyo, halafu hukubali wakishafika.

Siku yenyewe

Iwe basi linatokea kambi ya Simba kule Bunju au ya Yanga pale Avic Town, Kigamboni, kilomita za mwisho kuelekea Temeke ni ndefu kuliko zote, kwa sababu mashabiki hugonga vioo na kuonyesha vidole kulingana na idadi ya mabao wanayoikumbuka. Mkalishe kijana upande wa ndani, karibu na mchezaji mkongwe uliyemteua kuwa mlezi wake, na mkongwe huyo ndiye atakayemwambia wakati wa kuvaa visikilizio na wakati wa kuvivua. Asikalishwe nyuma na vijana wenzake wawili watatu, maana hofu zao hulishana.

Kuna jambo ambalo wengi hulikwepa wanapoandika, nalo ni ile inayoitwa kamati ya ufundi, yaani watu wa mambo ya ushirikina, isiyo na uhusiano wowote na kocha: usipite mlango huu, usikanyage pale, usishike mkono wa fulani. Klabu zetu zimeshatozwa faini kwa kupita milango isiyo rasmi. Sina nia ya kubishana na imani za watu, lakini kijana anayejaribu kukumbuka miiko sita hawezi kukumbuka anamkaba nani kwenye kona. Kama wazee wa klabu wana mambo yao, wayamalize wenyewe, naye aachwe.

Chumbani, kocha ampe maagizo mawili tu, moja la kuwa na mpira na moja la kutokuwa nao. Kwa winga, kwa mfano: ukipata mpira umegeuka, mkabili beki, tukiupoteza, rudi hadi mstari wa katikati. Pasi zake tatu za kwanza ziwe fupi na za kurudi kwa aliye huru, na hilo apangiwe kabisa, ili asione kwamba amecheza kiwoga. Nafasi za mpira kusimama, kona au mpira wa kurusha, azitumie kupumua taratibu: avute hewa puani, aitoe kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, mara mbili, huku akitazama kitu kimoja kilicho karibu kama vile nyavu au kibendera. Moyo hautatulia kabisa, wala hautakiwi kutulia kabisa; inatosha miguu irudi kuwa yake.

Kosa linapotokea

Na litatokea. Februari 2025 Ladack Chasambi wa Simba, kijana aliyetokea Mtibwa Sugar, alirudisha mpira kwa kipa wake katika mechi dhidi ya Fountain Gate kule Babati, mpira ukaingia wavuni na mchezo ukaisha 1-1. Haikuwa hata dabi, lakini kabla hajafika hotelini picha hiyo ilikuwa katika simu za nchi nzima. Katika dabi kumbukumbu ni ndefu zaidi: watu wa Yanga bado wanakunjua vidole vitano kwa ajili ya 5-1 ya Novemba 2023, wa Simba wanajibu kwa 5-0 ya Mei 2012, na wazee wa Simba huwazima wote kwa 6-0 yao ya mwaka 1977, Abdallah Kibadeni alipofunga mabao matatu. Kijana aliyezaliwa miongo mitatu baada ya mechi hiyo bado atataniwa nayo sokoni.

Kwa hiyo kosa lizoezwe kama kona inavyozoezwa. Chagueni tendo moja la mwili ambalo atalifanya kila anapokosea, hata mazoezini: avute soksi, ainuke, ataje kwa sauti namba ya mtu anayemkaba, akimbilie nafasi yake. Inaonekana ni mchezo wa kitoto, ila kinachozidisha madhara ya kosa ni zile sekunde tano za kusimama mikono kichwani, wakati mpinzani ameshaanza shambulizi jingine. Mlezi wake uwanjani amfikie ndani ya dakika moja, amguse bega, na amwambie habari ya mpira ujao, si ya ule uliopita. Wenzake wasitupe mikono hewani, kwa sababu jukwaa husoma mikono ya wachezaji na kufuata, na zomeazomea nyingi huanzia hapo.

Je, atolewe? Maoni yangu ni kwamba kocha asimtoe ndani ya dakika kumi baada ya kosa, isipokuwa kama ameumia au ana kadi ya njano na ameanza kucheza rafu. Namba inapoinuliwa haraka hivyo, uwanja mzima huelewa kwamba benchi limekubaliana na wanaozomea, na kazi ya miaka mitatu hupotea katika kutembea mita hamsini. Akilazimika kumtoa, kocha asimame, ampokee mstarini, amkalishe jirani naye. Kamera zitakuwa pale, na kwa mara moja ziwe na faida.

Saa 48 baada ya mchezo

Asipelekwe mbele ya waandishi, awe amefunga au amefungisha. Alex Ferguson, alipokuwa kocha wa Manchester United, alimzuia winga wake Ryan Giggs kufanya mahojiano hadi alipokaribia miaka 20, na sioni sababu ya sisi kuwa na haraka kumzidi. Simu ibaki kwa meneja hadi kesho yake mchana, na usiku huo asilale peke yake chumbani. Mechi wasiizungumzie wakati wa chakula, hasa kama wameshinda, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Siku ya pili kocha akae naye dakika ishirini na vipande vya video visivyozidi sita: vinne alivyofanya vizuri, viwili vya kurekebisha, na lile kosa liwe kimojawapo, litazamwe mara moja kwa mwendo wa kawaida bila kusimamishwa. Mwulize aliona nini kabla ya kuugusa mpira, umsikilize hadi amalize. Kisha mwonyeshe orodha ya wachezaji wa mechi inayofuata, jina lake likiwa tayari limeandikwa, hata kama ni kwenye benchi, na umwache arudi mazoezini na wenzake.