Ramani ya plasmidi: anza na kimeng'enya kinachokata mara moja

Ramani ya plasmidi (duara dogo la DNA la bakteria) huonyesha mahali vimeng'enya vinapoikata. Usiipime kwa mstari ambao DNA isiyokatwa huacha kwenye jeli, inayotenganisha vipande kwa urefu. Ile imejisokota, hukimbia kwenye jeli haraka kuliko urefu wake unavyostahili. Ikate kwanza kwa kimeng'enya chenye sehemu moja tu ya kukata, duara lifunguke liwe uzi. Hapo ndipo sifuri ya ramani yako. Kisha kata kwa kimeng'enya hicho pamoja na kingine. Chukua plasmidi iitwayo pBR322, yenye urefu wa jozi besi 4361 (jozi besi ni kipimo cha urefu wa DNA): vimeng'enya EcoRI na BamHI pamoja hutoa vipande vya kama 375 na 3985. Huo ni umbali tu, upande bado hujaujua. Leta kimeng'enya cha tatu, PstI: pamoja na EcoRI kipande kidogo ni kama 750, pamoja na BamHI kama 1125. Na 750 + 375 ni 1125, basi EcoRI iko katikati. Jumla ikipungua, kipande kimekuponyoka au viwili vya urefu mmoja vimelaliana (mstari huo hung'aa kupita kawaida). Ikizidi, DNA haijakatika yote, ongeza muda. Mbinu hugoma sehemu zikikaribiana mno: sehemu za EcoRI na za kimeng'enya kingine, HindIII, zimeachana jozi 31 hivi, na jeli ya agarosi ya asilimia 1 haitakuonyesha kipande hicho.