Pakiti hujuaje pa kwenda? Ifuate hatua kwa hatua

Pakiti ni kipande kidogo cha data kinachosafiri mtandaoni. Fungua terminali ya Linux (dirisha la kuandikia amri), andika `ip addr` uone anwani ya IP ya kompyuta yako. Tuseme umepata 192.168.10.70/26.

Hatua ya 1: anza na kilicho baada ya mkwaju. Wengi huiruka hiyo /26, na hapo ndipo anwani na njia zinapokutana. Maana yake: kati ya biti 32 za anwani (tarakimu za 0 au 1), 26 za kwanza ni za mtandao, 6 zilizobaki ni za mashine. Biti 6 hutoa anwani 64, kwa hiyo mtandao wako unaanzia 192.168.10.64 (kwa kifupi .64) na kuishia .127. Ya kwanza na ya mwisho hazipewi mashine, zinabaki 62.

Hatua ya 2: jirani au mgeni? 192.168.10.100 ni jirani. Kompyuta inapaza sauti kwa ARP (njia ya kuuliza anwani ya IP ni ya kifaa gani), "nani mwenye .100?", kisha inampelekea mwenyewe. Lakini 192.168.10.130, japo kwa macho ni wa humohumo, ni mgeni. Pakiti yake hukabidhiwa ruta, kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine. Anwani ya IP inabaki ya .130, ila anwani ya MAC (ile ya kifaa chenyewe) huandikwa ya ruta. Niliwahi kuweka /24 badala ya /26 kwenye seva, nikashinda nusu siku nabadilisha kebo. Kumbe seva ilikuwa ikimwita .130 kama jirani, na hakuna aliyeitika.

Hatua ya 3: soma jedwali la njia, orodha inayosema pakiti ya anwani fulani ipitie wapi. Kwenye ruta, andika `ip route`:

```
default via 203.0.113.1
10.0.0.0/8 via 192.168.10.66
10.20.0.0/16 via 192.168.10.67
```

Pakiti ya 10.20.5.9 inaingia kwenye mistari yote mitatu. Usihangaike na nani katangulia: hushinda mstari wenye biti nyingi zaidi za mtandao, hapa /16. Ile `default` ni /0, hupokea waliokataliwa kwingine.

Hatua ya 4: mistari hiyo imetoka wapi? Mingine unaiandika kwa mkono. Ndani ya taasisi, ruta hupashana habari kwa itifaki (lugha ya mawasiliano) iitwayo OSPF. Kati ya mtandao wa taasisi moja na wa nyingine, kwa itifaki iitwayo BGP. BGP yenyewe haina namna ya kuhakiki anayetangaza. Tarehe 24 Februari 2008, YouTube ilikuwa ikitangaza 208.65.152.0/22, yaani .152 hadi .155. Pakistan Telecom, ikitaka kuifunga nchini mwake, ikatangaza 208.65.153.0/24, na tangazo likavuja nje. /24 ikaishinda /22, pakiti za watu wa nchi nyingine zikaelekea Pakistan. YouTube ikajibu kwa /24 hiyohiyo, kisha ikaikata kuwa /25 mbili, ili nazo ziishinde /24.