Vumbi la makaa na maganda ya viazi: mapato yaliyofichika katika hoteli ndogo

Mwenye hoteli ndogo katika mtaa wa Nairobi kama Kayole au Kawangware hulipia taka zake mara mbili: hulipa zinapoingia zikiwa viazi, makaa na mafuta ya kupikia, kisha huwalipa tena vijana wanaozizoa. Kabla ya kutafuta mnunuzi, apime kwa juma moja kila kinachotupwa na kuandika uzito wake katika daftari la mauzo. Ikionekana kwamba ugali unabaki kila jioni, dawa yake ni kupunguza unga sufuriani, wala si kutafuta wa kumuuzia ugali uliolala.

Hatua ya pili ni kutenga. Ndoo ziwekwe pale anapoketi mmenyaji, kwa kuwa zikiwa nyuma ya jiko hakuna atakayezifuata saa saba mchana wateja wamejaa. Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, na mfugaji naye hukataa maganda yaliyochanganyika na vifuniko vya soda.

Maganda na majani ya kabeji yanaweza kuuzwa kwa wafugaji wa nguruwe au kwa wanaofuga mabuu ya inzi kwa ajili ya chakula cha kuku na samaki. Mabaki yenye nyama yasipewe nguruwe, maana yanaweza kueneza homa ya nguruwe ya Afrika. Mnunuzi anayefika kila siku bila kukosa ni bora kuliko anayetoa bei nzuri na kuonekana mara moja kwa juma, kwani maganda hayangoji.

Vumbi la makaa ndilo lenye faida inayopuuzwa zaidi, nalo limekwisha kulipiwa. Lichekeche ili mawe yatoke, kisha ulichanganye na uji mwepesi wa unga wa muhogo, au na katoni zilizolowekwa zikawa rojorojo. Ongeza uji kidogo kidogo hadi konzi ya mchanganyiko ishikamane unapofungua kiganja, bila kumomonyoka na bila kuchuruza maji kati ya vidole. Udongo pia hushikisha, lakini ukizidi utaachiwa majivu mengi na moto hafifu. Finyanga matonge yanayolingana, uyaanike juu ya wavu kwa siku kadhaa. Mwezi wa Julai, jua la Nairobi linapojificha, yatahitaji muda zaidi. Tonge lililokauka huwa jepesi, na likivunjwa halina unyevu katikati.

Makaa haya huchelewa kushika moto, kwa hiyo hayafai chapati za haraka, ila yanafaa sana kwa githeri na maharagwe. Yatumike penye hewa ya kutosha, kwa sababu, kama makaa mengine, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Yanayozidi mahitaji ya jiko yauzwe kwa majirani kwa kasuku, yaani mkebe wa mafuta ya kupikia, kipimo walichokizoea.

Mafuta yaliyokaangia chipsi yachujwe yakipoa na kuuzwa kwa watengenezaji wa sabuni au dizeli ya mimea, kamwe si kwa mkaangaji mwingine.

Baada ya mwezi mmoja, hesabu magunia yanayozolewa. Yakiwa yamepungua kutoka manne hadi mawili, nenda na daftari lako kwa wazoaji mkapatane ada upya, na kiasi kilichopunguzwa ukiandike katika safu ya mapato.