SOMO: Kuchagua oili ya injini kwa pikapu ya dizeli iliyotembea kilomita nyingi

Wakuu habari zenu. Wenye pikapu za dizeli za zamani, zile zilizopita kilomita laki 3 na kuendelea, swali lao huwa moja tu, "oili gani nzuri?", na majibu wanayopewa ni majina ya kampuni. Jina la kampuni ndio kitu cha mwisho kuangalia. Cha kwanza ni injini yako iko kwenye hali gani, kwa hiyo tuanze na injini halafu ndio twende kwenye galoni.

HATUA YA 1: Pima kabla hujanunua

Paki sehemu tambarare injini ikiwa ya moto, zima, subiri kama dakika 10 oili ishuke kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), chomoa stiki ya kupimia oili, ifute, irudishe mpaka mwisho, chomoa tena usome. Andika kipimo na kilomita kwenye daftari. Rudia kila wiki kwa mwezi mmoja na kila ukiongeza andika umeongeza kiasi gani, hapo utajua gari inakula oili kweli au ni maneno ya watu. Mimi nikiona imezidi lita 1 kwa kilomita 1,000 siongelei tena aina ya oili, naongelea ringi za pistoni na sili za valvu, ndizo zinazozuia oili isipite ikaungua.

Na usiangalie kushuka tu, angalia na kupanda! Hili naomba mlishike. Mimi nilikaa karibu miezi miwili nafurahi kwamba pikapu yangu haipunguzi oili hata tone, siku nimechomoa stiki nakuta imepita alama ya juu kwa upana wa kidole na sijaongeza kitu, nikaisugua kati ya vidole ikateleza kama maji, nikanusa, dizeli tupu. Injini yangu pampu ya dizeli inazungushwa kwa gia, sili ya mbele ya pampu ilikuwa imechoka, dizeli ikawa inaingia kwenye kesi ya gia na kushuka kwenye sampu. Nikadondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, baada ya muda doa jeusi likabaki katikati na nje yake likatoka duara pana la rangi nyepesi, hiyo ndio dizeli inasambaa. Na oili niliyokuwa nimeweka ilikuwa nzuri kabisa, ila haikunisaidia, maana beringi za kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) zinabebwa na utando wa oili, oili ikishachanganyika na dizeli utando unakuwa mwembamba na chuma kinakutana na chuma.

Kipimo kingine chepesi, injini ikiwa inawaka sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze ukiweke tu juu ya tundu. Kutikisika kidogo ni kawaida ya dizeli. Kikirushwa pembeni na moshi ukawa unapumua mfululizo, basi gesi inapita kwenye ringi.

HATUA YA 2: Namba ya uzito (oili inavyotiririka, nzito au nyepesi)

Chukua 15W-40. Namba yenye W ni tabia ya oili ikiwa ya baridi, namba ya pili ni uzito wake ikiwa ya moto, kipimo kinachukuliwa nyuzi 100. Kwa hiyo 5W-40 na 15W-40 zikishapata moto ziko kundi moja la uzito, tofauti ni asubuhi, 5W inawahi kufika juu kwenye valvu na kwenye turbo.

Dizeli nyingi za zamani kitabu chake kinakubali 15W-40, na kama hukai kwenye baridi kali hiyo inatosha. Kwenye baridi ya kugandisha maji nenda 10W-40 au 5W-40. Kitabu kina jedwali la hali ya hewa, lifuate hilo hata kama gari ni ya zamani kiasi gani, kwa sababu uwazi kati ya beringi na kranki ulipimwa na waliotengeneza injini.

HATUA YA 3: Herufi, na hapa ndio wengi tunapoteleza

Nyuma ya galoni tafuta neno API, ni taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga viwango vya oili. Herufi ikianza na S hiyo ni ya petroli, ikianza na C ni ya dizeli. Galoni nyingi zina zote mbili, mfano CI-4/SL, angalia ipi imetangulia, ndio kazi kuu ya hiyo oili. Dizeli inatoa masizi mengi, na oili yake inawekewa dawa ya kuyashika yasigandamane.

Mpangilio uko hivi: CH-4 ilikuja 1998, CI-4 2002, CJ-4 2006, CK-4 2016. Ukikuta galoni imeandikwa CD au CF peke yake iache, hizo zimepitwa zamani.

Sasa ipi? Hapa angalia dizeli unayojaza. Salfa ikiungua inatengeneza asidi, na oili ina akiba ya kuiua hiyo asidi. CJ-4 na CK-4 zilitengenezwa kwa ajili ya dizeli yenye salfa ndogo na magari yenye chujio la masizi kwenye ekzosi, ndio maana majivu yake yamewekewa kikomo. Pikapu ya zamani haina hilo chujio. Kwa hiyo kama dizeli ya kwako ina salfa nyingi mimi nachagua CI-4, kama ni safi basi CK-4 ni nzuri sana na inafaa hata injini za zamani. Ukikuta FA-4, nayo ni ya dizeli ila usiguse, ni nyepesi na ni ya injini mpya.

HATUA YA 4: Kubadilisha

Mwaga ikiwa ya moto, badilisha filta kila mara, filta mpya ipake oili kwenye mpira wake, na hakikisha mpira wa zamani haujabaki umeganda kwenye injini, ukifunga juu yake oili yote itamwagika. Mimi nabadilisha kila kilomita 5,000, injini ikishachoka sioni sababu ya kurefusha zaidi ya hapo.

MASWALI

Swali: Mkuu, fundi kaniambia niweke 20W-50 moshi wa bluu utakata, ni kweli?
Jibu: Unaweza ukapungua kaka, ila ringi iliyochoka inayopitisha hiyo oili ikaungua iko vilevile. Na asubuhi oili nzito inachelewa kufika juu, utasikia valvu zinagonga. Kama kitabu chako kinairuhusu kwa joto la kwenu weka, kama hakiruhusu pima kompresheni (mgandamizo wa silinda) kwanza.

Swali: Nimebadilisha jana, leo imeshakuwa nyeusi. Nimeuziwa feki?
Jibu: Hapana, kwa dizeli ni kawaida, inakuwa imeshika masizi yaliyobaki ndani. Rangi peke yake haikuambii kitu. Ikiwa na rangi ya maziwa ndio uogope, maji yameingia.

Swali: Oili ya sinthetiki itavujisha gari ya zamani?
Jibu: Haitoboi sili dada. Inachofanya ni kusafisha uchafu uliokuwa umeziba ufa wa sili iliyokwisha, ndio unaona inavuja. Ukihamia, mara ya kwanza badilisha mapema, kilomita 2,000 hivi, maana uchafu unaotoka unajaza filta. Dawa za kuflashi, zile za kusafisha injini kwa ndani, sishauri kwa injini yenye tope, kipande kikibanduka kikaziba chujio la sampu, presha ya oili inakufa.

Swali: Nimetoka kunusa stiki baada ya kusoma hapo juu. Imepita alama ya juu na inanuka dizeli. Kesho nina safari, nimwage kidogo ibaki kwenye alama niende?
Jibu: Usiende, na usiiwashe tena. Oili ikizidi sana injini inaweza kuanza kuivuta kupitia mpira wa pumzi (unaotoa gesi ya ndani ya injini) na kuichoma kama dizeli, ikishika hivyo hata ukizima swichi haizimi. Mwaga yote, fundi akague sili ya pampu, mipira ya kurudisha dizeli na nozo (zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda) kama kuna inayomwaga dizeli, kisha weka oili na filta mpya. Halafu pima kila siku kwa wiki nzima utuambie.